Kelele ambayo Daktari hakuisikia

Wee Linah, huyu Gachanja, bosi mpya wa maabara, ni bure kabisa!

Leo amepanga sampuli za maziwa upande mmoja tu wa ile mashine ya kuzungusha, badala ya kuzigawa pande zote mbili isiyumbe, akaiwasha, akavaa earphone.

Chepchirchir, msaidizi wetu wa maabara, ameisikiliza hiyo mashine miaka kumi na moja. Akamwambia, "Daktari, zima, inalia vibaya."

"Skrini inasema iko sawa. Wewe osha chupa."

Osha chupa! Linah, OSHA CHUPA!

Mashine ikaruka mezani, maziwa mpaka kwa dari. Mtu mzima na PhD yake akaingia chini ya meza.

Sasa ati Gachanja anataka Chepchirchir asaini ripoti kwamba mashine iliharibika bila dalili yoyote. Amesaini. Juu ya saini ameandika: "Ilipiga kelele. Niliisikia nikiosha chupa."