Maelezo ya Fundi Kuhusu Spiriti Iliyovuka Mia

MAELEZO YA SHAHIDI

Jina: Limehifadhiwa kwenye jalada. Kazini anajulikana kama Mama Plagi.
Umri: Miaka 48
Kazi: Fundi wa umeme na mfumo wa mafuta wa magari
Makazi: Chumba cha nyuma ya gereji yake, barabara ya soko la mbao

Nina akili timamu, sijanywa kitu, na nimekuja hapa kwa miguu yangu mwenyewe. Naomba hilo litangulie, kwa sababu askari wa mapokezi amenisikiliza huku akicheka, akaniuliza kama ni gari ndilo limelewa.

Mnamo tarehe 14 ya mwezi huu, yaani leo Jumamosi, saa 3 asubuhi, nilianza kufunga kihisi cha spiriti kwenye gari la mdogo wangu. Wengi wanamjua kwa jina la Upepo kwa sababu ya mashindano ya magari. Gari lake linatumia petroli iliyochanganywa na spiriti. Kihisi hicho, ambacho sisi mafundi tunakiita sensa, hukaa kwenye njia ya mafuta na kuiambia kompyuta ya injini ni sehemu ngapi katika mia ni spiriti. Bila hicho dereva anabahatisha, na injini ya kubahatishiwa mwisho wake ni kuungua.

Spiriti yenyewe ilitoka kwenye pipa la bluu. Mdogo wangu aligawana pipa hilo na mwenye baa inayotazamana na gereji yangu, ambaye kila mtu humwita Mjomba ingawa sijawahi kumwona mpwa wake. Mjomba huizimua spiriti kwa maji, huitia rangi ya sukari iliyounguzwa, kisha huijaza kwenye chupa ndogo. Wawili hao wana utaratibu wao. Pipa jipya likifika, gari ndilo linaonja kwanza. Injini ikikohoa, pipa linarudishwa. Injini ikivuta, pipa linafunguliwa baa. Nilipowakemea siku ya Alhamisi, Upepo alinijibu, "Dada, kitu kinachovuta tani moja na nusu kitashindwa kumvuta binadamu?" Wakagongeana mikono. Siku hiyo gari lilivuta kuliko siku zote. Jana Ijumaa jioni pipa likafunguliwa baa, na mdogo wangu akapewa glasi ya kwanza, kwa heshima ya gari lake.

Narudi kwenye kazi ya leo. Nilikata mpira wa mafuta unaorudi kwenye tenki, nikafunga kihisi katikati, nikabana klipu na kuvuta kila kiungo kwa mkono. Nikaunganisha nyaya zake. Mimi siamini kihisi kwa sababu ya maandishi ya boksi. Hukijaribu kwanza kwa vitu ninavyovijua. Nilipitisha petroli tupu, kikasoma karibu na sifuri. Nikapitisha spiriti safi ya duka la vifaa vya maabara, kikasoma mia. Kisha nikapitisha ya lile pipa. Kompyuta ilikataa, ikaonyesha hitilafu. Nikaweka mita yangu kwenye waya wa ishara. Ishara ilikuwa imevuka kipimo cha mwisho.

Hakuna spiriti ya kunywa inayozidi mia katika mia. Ama pipa lina maji, ama si spiriti ile, bali ni methanoli, ile ya viwandani ya kuyeyushia rangi. Niliitia kwenye chupa ya kioo pamoja na petroli, nikatikisa. Maji yangejitenga na kukaa chini. Hakikujitenga kitu. Methanoli injini huipenda sana. Binadamu humpofusha, kisha humuua, na haimuui papo hapo. Mtu hulala mzima.

Saa 5 nilivuka barabara kwenda baa. Mjomba alikuwa anapanga viti.

"Funga baa," nilimwambia.

"Mama Plagi, umetumwa na gari?"

"Kwenye pipa lako kuna sumu."

"Jana wamekunywa watu tele. Umemsikia nani akilia?"

"Bado."

"Wewe bila ugomvi hushibi," alisema. "Leo kuna mpira kwenye runinga. Saa 11 nafungua kama kawaida."

Nilipotaka kuliangusha pipa, alilikalia. Mtu mzima, amekalia pipa la sumu kama kuku anayeatamia, ananiambia nikatafute mume.

Saa 6 mchana Upepo alikuja kuchukua gari. Alikuwa ametapika njiani, akasema ni mning'inio tu wa pombe ya jana. Alisimama mlangoni, akanyoosha mkono mbele yake, akasema, "Dada, washa taa basi." Mlango wa gereji ulikuwa wazi na jua lilikuwa limefika hadi kwenye jeki. Naomba nisiandikiwe kwamba nilishtuka. Nilikasirika. Aliniomba funguo za gari. Nilimpakia mimi, nikampeleka hospitali, naye njia nzima akinilaumu kwamba naendesha kama bibi harusi.

Daktari alimchoma sindano na kuchukua damu. Aliniambia macho hawezi kuyaahidi. Aliniambia pia kwamba kila aliyekunywa pale aletwe hata kama anajisikia mzima, maana akisubiri kuumwa atakuwa amechelewa. Mdogo wangu amewataja wawili tu anaowakumbuka, fundi viatu na dereva wa gari la maji. Wengine wako majumbani mwao, wanasubiri mpira.

Najua kesho kutakuwa na watu wa kusema siku zao zilikuwa zimefika. Hazijafika. Kuna pipa, kuna aliyeliuza, kuna aliyelikalia, na kuna kituo cha polisi kilichoambiwa mapema. Sasa ni saa 9:50 alasiri.

Hayo nimeyaona kwa macho yangu na kuyasikia kwa masikio yangu, na chumvi sikutia.

Sahihi ya shahidi: (amesaini)

MAELEZO YA OFISA

Nimeandika maelezo haya kuanzia saa 9:10 alasiri. Shahidi alikataa kusaini hadi neno "anadai" lifutwe kila mahali. Limefutwa. Saa 10:05 nimetuma askari wawili kuifunga baa na kulilinda pipa, na wengine kuwatafuta fundi viatu na dereva. Shahidi amesomewa maelezo na koplo wa zamu badala yangu, kwa kuwa tangu saa 7 mchana mistari ya karatasi inanipotea. Jana baada ya kazi nilipita baa hiyo. Nimemweleza shahidi. Ameomba funguo za gari la kituo. Nimempa.