Gari Linalovuta Kushoto

Ljubo rafiki yangu, nilisikia breki za lori kabla sijaliona kwenye kona. Nikakanyaga zangu. Gari likavuta kushoto, likaingia upande wa lile lori lililokuwa likija.

Tuliponea chupuchupu. Mama alikuwa nyuma na jibini zake za soko la Kotor.

Nyumbani dada Jagoda akagusa rimu za magurudumu ya mbele. "Hebu shika, mshairi." Ya kushoto ilikuwa ya moto, ya kulia baridi kabisa.

Nikasema ya kushoto ndiyo mbovu.

"Unamlaumu anayefanya kazi? Breki ya kulia imekufa. Unamshusha mama mlimani kwa gurudumu moja."

Gurudumu moja, Ljubo.

Nikampa Jagoda funguo. "Mama, akishalitengeneza ataendesha yeye. Mimi nitakaa nyuma nikushikie jibini."