Chachu za Mwalimu na Sombe ya Mama Zaina

Kindu, Jumanne usiku

Wala sikupanga kumposa Mama Zaina leo. Kosa ni la mwalimu wa biolojia ninayemwoshea vyombo. Asubuhi alinionyesha chachu zake, hizi hizi za mikate. Moja imerithi kasoro, haiwezi kujitengenezea asidi amino fulani ya kujengea mwili. Nyingine inashindwa kutengeneza asidi tofauti. Kila moja peke yake inadumaa. Ukizioza zikawa mume na mke, mtoto wao anajitengenezea zote.

Nikaenda kwa Mama Zaina, mjane anayeuza wali na sombe, yale majani ya muhogo, karibu na stesheni. Nikamweleza habari ya chachu.

"Mimi sijui kupika, wewe huna wa kukupasulia kuni. Tuoane."

Hakuacha kukoroga. "Na kama wote wawili tunakosa kitu kimoja?"

Nikanywea. Mwalimu alisema hapo hata ukizioza, hakioti kitu.

"Kitu gani, Mama?"

"Subira, papa. Sombe haiko tayari, wewe uko tayari."

Tangu vita vinitoe kwetu Kabambare sijaogopa hivyo kusubiri jibu. Nikakaa juu ya kuni mpaka wateja wote wakala. Ndipo akanipakulia, na samaki ambaye sikumwagiza.

Kesho nitasubiri tena. Nitakwenda mapema.