Mkono Uliobaki Begani

Shangazi,

Kuna jambo sijamwambia mtu yeyote. Ile picha yetu mimi na wewe, iliyotundikwa sebuleni juu ya redio, hatukuipiga. Niliitengeneza. Mama anawaambia wageni kwamba ni ya Idi ya mwisho kabla hujaanza kuumwa, na mimi huinamisha kichwa, wakadhani nataka kulia. Ukweli ni kwamba baada ya arobaini yako nilitafuta kwenye kompyuta ya studio japo picha moja niliyosimama na wewe, nikakosa. Miaka yote ulikuwa upande wa pili wa kamera. Basi nikakuchukua kutoka kwenye picha ya harusi ya Shabani, nikajichukua kutoka kwenye picha yangu ya kuanza kidato cha kwanza, nikatuweka mbele ya pazia lako la maporomoko ya maji. Mwanga niliuweza. Vivuli niliviweza. Kitu kimoja kilinishinda: siku ya harusi mikono yako yote miwili ilikuwa imeshika mkoba, kwa hiyo umesimama karibu yangu na hunigusi.

Shikamoo, Shangazi. Nilipaswa kuanza na hiyo. Ungeitikia "marahaba, Bi Kitabu," halafu ungeniuliza kama nimekula.

Nakuandikia kwa sababu nina hofu, na wewe ndiye niliyezoea kukueleza hofu zangu bila kuambiwa nisali nikalale.

Studio yako ipo bado. Kijana wako Shabani anauza chaja na kava za simu pale mbele, lakini kompyuta hajaiondoa. Iko nyuma ya pazia, imefunikwa na kanga yako ya kijani, na nikitoka shule ananiachia kiti. Ujiji nzima bado wanaulizia "yule mama wa kuunganisha." Wengine hawajasikia kwamba umekufa. Wanakuja na picha ndogo zilizokunjwa kunjwa, wanaziweka mezani kama ulivyowazoeza, kifudifudi, mpaka waulizwe jina la aliyemo. Nami nauliza jina kwanza, kisha ndipo nageuza picha. Hilo sijaliacha.

Unaikumbuka miezi ile meli ilipokuwa ikishusha watu wa Burundi bandarini kutoka Kagunga? Ulichoka, macho yakawa mekundu kwa kioo cha kompyuta. Mtu alifika na picha ya kitambulisho ya mumewe, mwingine na kipande cha picha ya ubatizo, na wote walitaka jambo moja: waonekane wamesimama pamoja. Ukanifundisha hapo hapo. Ukaniambia leya, zile tabaka za picha, ni kama kanga, unajifunga moja juu ya nyingine, na ukiivua ya juu ile ya chini haijaenda popote. Kile chombo cha kunakili doa hapa ukalibandike pale ulikiita muhuri. Mpaka leo nikikitumia nasema muhuri, na wenzangu wananicheka.

Ndiyo miezi hiyo alipokuja Goreti na mama yake. Nadhani unamkumbuka: msichana mrefu, mwenye kidole cha mwisho kilichopinda. Ulimweka baba yake katikati yao. Mama yake alipoiona alikaa chini sakafuni, akashukuru kwa Kirundi, "urakoze, urakoze," nawe ukamwambia, "Inuka mama, sakafu hiyo Shabani hajaipiga deki tangu juzi."

Baadaye Goreti akaingia shuleni kwetu, tukakalia dawati moja. Wote walidhani anatoka Manyovu, upande wetu wa mpaka. Kiha na lugha yake zinakaribiana mno, nani angemshtukia? Mimi tu ndiye niliyejua kwamba hana karatasi za kukaa mjini, kwamba yeye na mama yake walitakiwa wawe kambini, na kwamba chumba chao cha Katubuka walikipata kwa huruma ya mtu. Niliinyamazia siri yake kama nilivyozoea kunyamaza. Kwa mara ya kwanza aibu yangu ilimfaa mtu.

Sasa nakuja kwenye hofu yenyewe.

Mwalimu Anjela, mlezi wa jarida letu la shule, alisikia kwamba ninajua kutumia programu ya picha, akaniteua kulipanga jarida zima. Kurasa, vichwa vya habari, jalada, kila kitu. Niliweka ziwa kwenye jalada, nikaliondoa, nikaliweka tena. Baraka, mhariri mkuu, alikuwa akichungulia begani kwangu na kusema, "Dada msanifu, kwa mwendo huo tutalizindua tukiwa na wajukuu." Goreti ndiye aliyeandika shairi la ukurasa wa kati. Siku ya kupiga picha ya wahariri alisimama mwisho wa mstari, mimi pembeni yake. Unajua nikipigwa picha nakuwaje. Nakakamaa kama nimesimamishwa kizimbani. Basi akaniwekea mkono begani na kuninong'oneza, "Pumua, picha haiumi." Picha ikatoka, na kwa mara ya kwanza maishani nimetabasamu kwenye picha.

Wiki chache baadaye msako wa wasio na karatasi ukapita Katubuka. Goreti hakuonekana tena shuleni.

Mwalimu Anjela hakuuliza mengi. Aliitazama picha kwenye kioo, akasema kwa upole tu, "Huyu hayupo tena kwenye daftari la wanafunzi. Mtoe, ukuta ubaki safi." Baraka akaongeza, "Dakika mbili tu hiyo kwako." Nikasema ndiyo. Unanijua, mimi husema ndiyo kwanza, nafikiri baadaye.

Nilikaa nyuma ya pazia, kishale kikiwa juu ya uso wake, na nikashindwa kubonyeza. Nilikuwa nakusikia. Yule bwana wa Gungu aliyekuja na picha ya harusi akitaka mkewe atolewe, abaki yeye na maua! Ulimwambia, "Baba, mimi kazi yangu kuunganisha. Kama unataka mtu atolewe, mlete mwenyewe aniambie kwa mdomo wake." Akapiga kelele, "Mama, amekwenda Mpanda na mwanamume mwingine!" Nawe, bila kuinua macho: "Basi fika Mpanda, nitakungoja." Tulicheka mpaka Shabani akaja kuchungulia. Ila alipoondoka hukucheka tena. Ukasema mtu akishatolewa kwenye picha hakuna atakayeuliza alikuwa nani.

Basi nilimwambia Mwalimu Anjela sijamaliza. Siku iliyofuata nikamwambia kompyuta inasumbua. Kiwanda cha uchapaji kilikuwa kinangoja. Jarida lilitakiwa ligawiwe kwenye mahafali, mbele ya wageni kutoka ofisi za wilaya, na Baraka alikwishasema ataturushia kurasa zote kwenye kundi la simu. Nilikuwa nawaza, nikimtoa, nimemfuta rafiki yangu. Nikimwacha, uso wake utapita mikononi mwa watu wote hao. Nilikuwa nakula kucha. Nilitaka uje uamue wewe.

Hukuja. Nikaenda kumuuliza Goreti mwenyewe, kama ulivyokuwa ukitaka.

Walikuwa wamehamia chumba cha nyuma kwa jirani. Mama yake hakuwepo, alikuwa Kibirizi anaanika dagaa wa watu. Goreti alinifungulia mlango nusu. Nilianza kueleza, nikachanganya maneno, nikasema sitaki kumtoa, kwamba shairi ni lake na nafasi ni yake, kwamba kuna kanuni yako. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Mwasiti, nitoe."

Nikatikisa kichwa.

"Nitoe sura, toa na jina. Mama halali tangu asikie nilipigwa picha." Aliponiona machozi yananilenga akaanza utani wake. "Ila mkono wangu utakushinda huo. Bega lako mifupa mitupu, ulikuwa unakushikilia usianguke. Ukiutoa utalala chini, na jarida litatoka bila msanifu."

Tulicheka kidogo kidogo, kwa kuogopa majirani. Hakuwa amesema niuache. Hakuwa amesema niutoe.

Nilirudi Ujiji nikafanya kazi. Nilimtoa, Shangazi. Nilianza na nywele, nikashuka. Niliujenga ukuta upya kwa muhuri, tofali kwa tofali, nikafuata mistari ya saruji mpaka ikakutana. Jina nililiondoa chini ya shairi, nikaandika "Mwanafunzi." Nilipofika begani kwangu nikasimama. Vidole vyake vinne vilikuwa juu ya ushungi wangu mweupe. Kuvifuta kungekuwa kazi ndogo kuliko zote, weupe juu ya weupe. Mkono hauna jina. Mkono hauulizwi karatasi. Nikauacha, nikahifadhi faili, nikalipeleka kiwandani kwa flashi kabla sijabadili mawazo.

Tangu hapo sijatulia. Usiku naona mtu ameshika jarida na kuuliza, mwenye mkono huu yuko wapi? Je, nimemhifadhi au nimemtaja? Ningekuwa na uhakika nisingekuandikia. Majarida yanatoka kesho.

Niliiacha barua hapo. Sasa naendelea, majarida yametoka.

Baraka ndiye wa kwanza kuuona mkono. Alicheka mpaka akakaa kwenye ngazi. "Jamani, dada msanifu ana mikono mitatu!" Kufikia mapumziko shule nzima ilikuwa imefungua ukurasa ule. Walisema ni mkono wa jini. Walisema ni mchumba wangu kajificha ukutani. Kidato cha pili wananipita wakiwa wamejiwekea mkono begani. Mwalimu Anjela aliniita ofisini, akanionyesha picha, akasema, "Mwasiti, kazi nzuri yote hii, halafu hapa ukasahau?" Jina langu liko ukurasa wa nyuma: Msanifu. Ungekuwepo ungejua jinsi kila neno linavyonichoma mimi, ambaye siwezi hata kunyoosha mkono darasani. Nikajibu, "Nisamehe, Mwalimu. Nilipitiwa." Akaguna, akaniruhusu kuondoka. Kwenye mahafali wageni waliuona pia. Mmoja akamwonyesha mwenzake, wakacheka, wakafungua ukurasa unaofuata. Hakuna aliyeuliza ni wa nani. Walikuwa wanamcheka mpangaji wa kurasa.

Acha wacheke. Nilipowaona wanacheka ndipo nilipotulia.

Nikampelekea Goreti nakala moja. Nilimkuta mama yake peke yake, mizigo imefungwa. Goreti alikwishatangulia kambini na watu wa kanisani, upande wa Kasulu, na mama anamfuata. Amesema heri foleni ya unga kuliko kushtuka kila mlango ukigongwa. Alilipokea jarida kwa mikono miwili, uso umekaza. Nilijua anatafuta nini. Alifungua ukurasa baada ya ukurasa, akipitisha kidole kwenye kila picha, kwenye kila sura. Alipofika kwenye picha yetu alizipitia sura zote, akashusha pumzi. Halafu kidole kikasimama begani kwangu.

Akakigusa kile kidole cha mwisho kilichopinda. "Hiki nilikifunga mimi mwenyewe," akasema. "Alianguka kwenye mti wa parachichi. Baba yake alikuwa anamshika, mimi nafunga." Nikaanza kuomba radhi, nikamwambia kama anaona ni hatari... Hakuniacha nimalize. Alilifunga jarida ndani ya kitenge, akaenda kuliweka kwenye begi, juu ya picha ile uliyowatengenezea wewe.

Shangazi, Mungu akuweke pema. Siahidi kwamba nitaacha kuogopa. Naahidi kwamba watakaokuja na picha zao nitawauliza majina kwanza, nitawaunganisha, na nikitakiwa kumtoa mtu nitamfuata huko aliko nimuulize, hata akiwa Mpanda. Kanga yako naifua mwenyewe, Shabani haigusi. Pumzika.

Nilipotoka Katubuka nilikwenda moja kwa moja nyumbani. Mama alikuwa anachambua mchele. Niliishusha ile picha yetu ukutani, nikaiweka mapajani kwake, nikamwambia kwamba hatukuipiga siku ya Idi, kwamba hatukuipiga siku yoyote. Aliitazama kidogo, akarudi kwenye mchele wake.

"Najua," akasema. "Shangazi yako Zena na kamera! Nani aliwahi kumsimamisha upande huo? Irudishe ukutani, mwanangu, na safari hii usiipindishe."

Nikapanda kwenye stuli, nikairudisha.