Makopo Sita ya Baba Mdogo

Chumba cha Vifaa,
Studio ya Tamthilia.
Jumapili, 14 Juni

Mpendwa Kaka,

Hujambo huko uliko? Wifi hajambo, na mapacha wamepona mafua? Sisi huku tu wazima. Mama goti linamsumbua akipanda ngazi, lakini mdomo haujambo kabisa. Mimi pia mzima, ila nina hasira, na nimeona nikuandikie kabla hazijapoa.

Ujumbe wako niliupata. Unataka nisaini ile karatasi ya Baba Mdogo ili mambo yaishe kifamilia. Jibu langu ni hapana. Sasa keti nikueleze, maana naona umesikia upande mmoja tu.

Unajua kazi yangu ni kutunza vifaa kwenye tamthilia ya Inspekta. Kila kikombe na kila bastola ya plastiki unayoiona pale kwenye runinga imepita mikononi mwangu. Mwezi uliopita tulirekodi kisa cha familia inayokusanya oili chafu kwenye magereji, inaichuja kwa kitambaa, inaifunga upya na kuiuza kama mpya. Mwishoni Inspekta anafungua makopo mawili mezani, moja la halali na moja la kughushi, anamimina kwenye bilauri ili ukoo mzima uone tofauti.

La kughushi nilitengeneza mwenyewe kwa mafuta ya kupikia, masizi na kahawa. Oili ya halali nilichukua dukani kwa Baba Mdogo, makopo sita, vizibo havijaguswa. Ningeenda wapi kwingine, na huyo ni damu yangu?

Inspekta akamimina. Oili yangu ya uongo ikatoka kahawia. Ya Baba Mdogo ikatoka nyeusi tii, na chembe za chuma ndani. Watu wa kamera wakaangua kicheko, mwongozaji akadhani nimechanganya makopo. Nikafungua mengine matano mbele yao, yote yale yale. Kaka, nina miaka tisa ya kudanganya macho ya watu kwa mshahara, na siku hiyo baba yangu mdogo alinizidi kete.

Studio ikawaita wakaguzi wa bidhaa. Ndipo Baba Mdogo akanijia na karatasi yake: nikiri kwamba ni mimi niliyebadilisha oili kwenye makopo kwa ajili ya picha. Kazi nitafukuzwa, lakini eti mimi bado kijana, nitapata nyingine. Alikuja na kalamu yake kabisa.

Kazi yangu ningeweza hata kuitoa sadaka. Lakini nilikumbuka lori la mikate. Baba aliliendesha miaka ishirini na miwili bila mkwaruzo, mpaka siku injini ilipomfia mlimani. Fundi wa kampuni akakuta oili chafu, wakasema Baba ameuza mpya na kuweka iliyotumika. Baba akaapa kwamba aliweka mpya, tena ya dukani kwa mdogo wake. Na huyo mdogo wake alikuwa amekaa kwenye kochi letu, anakunywa chai, anamwambia kila binadamu huteleza. Wewe ulisimama mlangoni ukasema, "Baba, kubali tu yaishe." Mimi nilinyamaza, na kunyamaza huko kunaniuma mpaka leo. Baba akasaini kosa, akafukuzwa kama mwizi, na hajashika usukani tena.

Kwa hiyo familia hii imeshasaini uongo mmoja wa kumfunika Baba Mdogo. Wa pili hawaupati kwangu. Mashangazi waninunie watakavyo, wanifute kwenye vikao vyao vyote. Vikao vyenyewe huwa vinanisinzisha.

Jumapili iliyopita nilimpelekea Baba kopo moja. Alichovya vidole viwili, akavisugua, akanusa. Kisha akasema polepole, "Miaka yote hii nilidhani labda nilisahau."

Umesikia hiyo? Tulimwambia amekosa mpaka akaamini. Nililia, na sioni aibu kukwambia. Kesho yake yeye mwenyewe alivaa viatu, akaniomba nimpeleke kwa wakaguzi, akawaeleza habari ya lori tangu mwanzo hadi mwisho. Sauti haikutetemeka.

Basi usinitumie tena ujumbe wa kunibembeleza. Kalamu nimemrudishia mwenyewe, na karatasi yake bila saini. Kisa chenyewe kitaonyeshwa Alhamisi, na Mama ameshawaalika majirani wote, pamoja na wale asiosalimiana nao.

Msalimie sana wifi, na uwabusu mapacha wote wawili wasije wakagombana. Mama anakusalimu na anauliza kama unakula vizuri. Fundi cherehani wa jirani anasema suruali yako bado iko kwake. Mungu akulinde wewe na nyumba yako, na akupe moyo mwepesi wa kushika kalamu.

Baba hajanituma salamu. Anasubiri zako kwanza.

Wako akupendaye, hata leo,

Mdogo wako,
Kichwangumu