Mshale Uliofungwa Katikati

Jumatano, Walukuba, Jinja. Mvua ilipiga bati tangu alfajiri, ikaacha saa nne. Hasira yangu haijaacha.

Jumapili niliweka hapa picha ya dashibodi ya pikapu yetu ya zamani: geji tatu mpya, ya mafuta, ya joto na ya spidi, vioo vinang'aa. Nikaandika kwamba Waiswa wa Mafubira ni fundi wa mafundi. Mkanipongeza. Leo nayarudisha maneno yale yote.

Waiswa si fundi. Ni mpamba magari.

Asiyejua habari za pikapu hii: baba alinipa alipostaafu udereva wa magereza kule Mbale. Imenizidi umri. Ndiyo inayotulisha mimi na Zubeda wangu wa miezi saba, nachukua kabichi na vitunguu Mbale, nashusha Jinja. Mwaka jana geji ya joto ilikufa nikiwa safarini, injini ikachemka mimi sijui, ikabidi ifunguliwe yote. Baba akasema ikichemka hivyo mara ya pili, ni ya kuuzwa chuma chakavu. Tangu hapo naendesha kwa kunusa na kusikiliza, mpaka nikampelekea Waiswa. Akasema geji zote zimezeeka, tubadilishe zote.

Leo asubuhi nilikuwa naondoka kwenda Mbale. Zubeda yuko kwenye kapu lake, nimemfunga kiti cha pembeni. Nikazungusha ufunguo kidogo tu, injini bado. Mshale wa joto ukaruka mpaka katikati, ukatulia.

Nikafurahi. Naona aibu kuandika hili, lakini kwanza nilifurahi.

Halafu nikajiuliza, joto la nini? Gari limelala mvuani. Nikashuka, nikafungua boneti, nikaweka mgongo wa mkono kwenye rejeta, kama ninavyouweka kwenye paji la Zubeda nikishuku homa. Baridi kama mtungi. Nikawasha injini, nikaiacha ingurume mpaka rejeta ikaniunguza. Mshale pale pale katikati, kama mgeni asiyetaka kuaga.

Nikaenda Mafubira. Waiswa amekaa kwenye kiti alichong'oa kwenye gari la watu, ovaroli safi kama koti la muuza dawa, anachezea simu. Nikamweleza. Akacheka.

"Mama Zubeda, mshale uko katikati. Unataka uende wapi tena?"

"Kwa hiyo injini ya baridi na ya moto ni sawasawa?"

"Sikiliza, mama. Nyinyi wanawake mshale ukipanda kidogo mnaogopa, mnasimama barabarani. Mimi niliufunga hapo, uwe na amani."

Aliufunga! Nilipochungulia nyuma ya dashibodi, geji yake hata haikuunganishwa na waya unaotoka kwenye injini. Aliona mshale hausogei, akaona uvivu kutafuta sababu, akaupa umeme wa kuusimamisha katikati ili mteja atabasamu.

Nimewahi kuibiwa. Mwizi angalau anajua ameiba.

Nikadai geji zangu za zamani. Kwetu fundi anayejiheshimu hukuwekea kifaa cha zamani mkononi, ukione mwenyewe kilivyokufa. Jumapili hakunipa, na mimi nilivyolewa vile vioo sikuuliza. Hilo ni kosa langu. Akazichomoa kwenye kopo la rangi, chini ya misumari.

Nikarudi nyumbani, nikampigia baba.

"Afande, ripoti!" Ndivyo anavyonipokea tangu nikiwa na miaka mitano.

Nikaripoti. Akatoa tusi la kambini ambalo sitaliandika hapa. Kisha akasema, "Rudisha geji yangu. Kwenye injini kuna kidude kinachopima joto, kina waya mmoja. Uchomoe, uuguse kwenye chuma. Mshale ukipanda, geji ni nzima, kilichokufa ni kidude."

Nikairudisha kwa bisibisi, Zubeda akinisimamia kutoka kwenye kapu. Nikaugusa waya kwenye chuma. Mshale ukapanda mpaka mwisho.

Geji ya baba ilikuwa nzima muda wote. Kilichokufa ni kidude cha ukubwa wa kidole gumba. Mimi shule sikumaliza, na nimekijua kabla uji wa mtoto haujapoa. Yeye ana kibao, kimeandikwa kwa rangi tatu, "Mtaalamu wa Umeme wa Magari".

Nikanunua kidude kipya mjini, nikakifunga, nikawasha injini. Mshale ukalala. Ukalala. Kisha ukaanza kuinuka polepole, kama mtoto anayeamka. Kioo chake kina ufa. Nililia kidogo.

Jioni Waiswa akapiga simu. Nikadhani anaomba radhi.

"Mama, ile picha usiitoe. Imeniletea wateja wawili."

Basi nimeitazama tena. Nakumbuka niliipiga palepale gereji, ufunguo umezungushwa kidogo tu, injini baridi, haijawashwa. Na mshale wa joto uko katikati. Uongo wote ulikuwa pale mbele yetu, mimi nikaupiga picha, nanyi mkaupenda.

Sijaitoa, kama alivyoomba. Nimeongeza tu mstari mmoja chini yake: "Hapa injini ilikuwa haijawashwa." Wateja wake wajisomee.

Alfajiri naondoka na Zubeda kwenda Mbale. Mshale wa baba nitauamini. Lakini nusu ya njia nitasimama, nifungue boneti, niweke mgongo wa mkono. Anayetaka kucheka acheke.