Mkono Karibu, Moyo Mbali

Dada yangu mpendwa,

Pokea salamu zangu nyingi. Natumaini goti limepoa na watoto hawakupandi kichwani. Huku mimi mzima. Naendelea na wodi, na chai yangu bado inapoa kabla sijaimaliza.

Wiki iliyopita mkuu wa wauguzi aliniomba niwafundishe wanafunzi jinsi ya kuuguza bila kuzama katika maumivu ya mgonjwa. Alisema hakuna anayelijua jambo hilo kama mimi, nami nikavimba kichwa. Nikawaeleza kwamba wachamungu wa zamani waliuachilia ulimwengu ili mioyo yao iwe huru, na sisi tumelichukua jambo hilo kwao kwa namna yetu: mkono uwe karibu, moyo uwe mbali. Wote waliandika, isipokuwa binti mmoja mkaidi wa kiti cha nyuma. Huyo akauliza mtu anaachiliaje kitu ambacho hajawahi kukishika. Kisha akataka kujua mimi nilijifunza wapi.

Nilimjibu kwamba nilijifunza kazini. Uongo mtupu. Baba alipotuhama, wewe ulilia hadi sauti ikakukauka, mimi nikawa napanga viatu vya nyumba nzima mstari mmoja. Watu wakanisifu kwa subira. Ulikuwa woga, dada, na baadaye nikauvalisha sare.

Sasa kuna neno nimelikalia miaka sita, na naona haya hata kuliandika. Nilikuambia Mama alituondokea ghafla, asubuhi moja, bila kuugua. Si kweli. Alilazwa wodini kwangu siku nne, akili zake timamu, na kila siku aliniuliza kama nimekupigia simu. Nikamwambia uko njiani. Sikukupigia kwa sababu nilijua utaangua kilio, nami ningelia mbele ya wenzangu. Siku ya nne aliniomba nimkalishe na kumfunga kitambaa safi kichwani, usije ukamkuta ovyo. Nikamfunga. Kila mlango ulipofunguka alijaribu kutabasamu.

Msibani ulinishika mikono ukanishukuru kwa kumtunza, nami nikaitikia.

Sina uso wa kukuomba msamaha leo. Nisalimie shemeji, na wanangu wote uwabusu. Ukiweza kunipigia, nitapokea hata nikiwa kazini, na ukilia sitakata simu.

Ni mimi, mdogo wako.